Buibui mdogo wa msitu wa Mpanga: nimwandike kwa jina gani?

Mwalimu wa Mpigi
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikichekecha majani makavu ya msitu wa Mpanga, wilayani Mpigi hapa Uganda, juu ya shuka jeupe, ili niorodheshe buibui wanaoishi chini ya miti. Wengi nimeweza kuwaweka katika familia zao, lakini mmoja amenishinda: hafikii milimita mbili, ana rangi ya chungwa, tumbo lake limefunikwa na bamba gumu juu na chini mithili ya kobe, na macho yake ni sita, si manane. Programu ya simu, kwa picha moja tu, ilinipa jina kamili la spishi ya Ulaya. Je, niliandike? Ninao wanne katika chupa moja ya spiriti.

Mzee wa Budongo
Mwalimu, usiliandike. Macho sita, mabamba na udogo huo vinaelekeza kwenye Oonopidae, familia ambayo mwaka 2006 ilianzishiwa mradi wa kimataifa wa kuichunguza upya, na spishi zake nyingi zimepewa majina tangu hapo. Picha haitoshi, kwa sababu spishi hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa, na jike wa familia hii hana lile bamba la nje la uzazi linaloonekana wazi kwa majike wa buibui wengi. Mtafute dume. Tazama kwa hadubini vigusio, yaani vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu. Vikiwa vimevimba kama ngumi, umempata. Kwa sasa andika “Oonopidae, spishi haijatambuliwa”, nayo ni rekodi halali kabisa.

Dada Namba Nane
Mimi nimeshtushwa na hiyo chupa moja. Je, wote wanne walitoka mahali pamoja, siku moja? Kila mkusanyo uwe na chupa yake, spiriti iwe ya asilimia 70 hadi 80, na karatasi iingie ndani ya chupa ikiwa imeandikwa kwa penseli: latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, aina ya mahali na jina la mkusanyaji. Tena, Mpanga ni hifadhi iliyo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu, kwa hiyo waombe kibali kabla hujarudi na chekecheo lako.

Mwalimu wa Mpigi
Naona haya kusema. Wawili ni wa msituni na wawili nimewatoa chini ya mibuni nyuma ya nyumba yangu, na lebo niliiandika kwa kalamu ya wino. Sasa ni doa la buluu. Jana usiku nimewatazama tena, na mmoja anazo hizo ngumi mbili.

Mzee wa Budongo
Basi huyo dume mtenge katika chupa yake, mwandikie “wilaya ya Mpigi” bila kutaja msitu wala mibuni, na usibahatishe. Ukishapata kibali chekecha upya, pande zote mbili, kila upande na chupa zake.