Nimefifisha leza hadi fotoni zipite moja moja: je, hilo linathibitisha kwamba mwanga ni fotoni?

Mwalimu wa Kibosho

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita katika shule iliyoko upande wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Ninaomba msaada wa watu walioishika kazi ya fotoni, yaani vipande vidogo kabisa vya nishati ya mwanga, kwa mikono yao, kwa sababu swali nililoulizwa na mwanafunzi wiki iliyopita limenishinda.

Nilikuwa nimetengeneza jaribio la mianya miwili kwa vitu vinavyopatikana. Nilichukua kipande cha kioo, nikakifukiza kwa moshi wa kibatari mpaka upande mmoja ukawa mweusi kwa masizi, kisha nikabananisha nyembe mbili na kuvuta mistari miwili iliyokaribiana sana. Nilitumia kalamu ya leza nyekundu ya miliwati 1, na mbele yake nikapanga vioo vitatu vya kuchomelea vya namba 8, ambavyo kila kimoja hupitisha takriban sehemu moja tu ya mwanga katika 1,000. Kioo chenye mianya nilikigusisha kwenye kamera ya simu, nikafunika vyote kwa blanketi nzito ndani ya stoo ya maabara, nikaiacha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 30. Michirizi ya mwanga na giza ikaonekana, hafifu lakini dhahiri.

Hesabu niliyowaandikia ubaoni ni hii. Fotoni moja ya mwanga wa nanomita 650 ina nishati ya takriban jouli 3 × 10⁻¹⁹, kwa hiyo miliwati 1 ni fotoni zipatazo 3 × 10¹⁵ kila sekunde, na baada ya vioo vitatu hubaki kama milioni 3. Kwa kasi ya mwanga, hizo zimeachana kwa wastani wa mita 100, ilhali kifaa changu chote hakifiki mita 1. Nikawaambia kwamba fotoni zinapita moja moja na bado zinachora michirizi. Hapo msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama na kuuliza, "Mwalimu, umejuaje kwamba si wimbi lile lile, ila limefifia?"

Nilimwahidi jibu Jumatatu. Je, jaribio langu linathibitisha nilichosema, au nimewafundisha jambo nisilokuwa na ushahidi nalo?

Mtafiti wa Tengeru

Mwalimu, salamu kutoka Arusha. Niliwahi kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika maabara ya nje ya nchi iliyokuwa ikizalisha fotoni jozi jozi, na nitakujibu bila kuzunguka: mwanafunzi wako yuko sahihi, na swali lake ndilo lililowashughulisha watafiti wa fani hii kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Jaribio lako lina historia ya heshima. Mwaka 1909, G. I. Taylor, akiwa kijana pale Cambridge, alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwali wa gesi alioufifisha kwa vioo vilivyofukizwa masizi, kama kile ulichochorea mianya, na picha yake iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilidumu kama miezi mitatu. Michirizi ilibaki vile vile. Lakini michirizi hiyo inaelezeka kikamilifu kwa wimbi lililofifia, na hata ukiweka kitambuzi cha mwanga kinachobofya mara moja moja, mtu anaweza kudai kwamba mbofyo unatokana na atomi za kitambuzi chenyewe, ambazo hurusha elektroni nzima au zisirushe kabisa, na kwamba mwanga uliofika pale ulikuwa wimbi tu. Dai hilo si la kitoto. Linajitosheleza kihesabu, na hesabu yako ya mita 100 haiwezi kulivunja, kwa sababu tangu mstari wa kwanza imechukulia kwamba fotoni zipo.

Kinachoweza kulivunja ni kioo kinachogawa mwali, yaani kioo kilichopakwa utando mwembamba ili nusu ya mwanga ipite na nusu irudishwe. Weka kitambuzi kimoja kila upande. Wimbi, hata likififia namna gani, hugawanyika na kufika pande zote mbili, kwa hiyo mara nyingine vitambuzi vyote viwili vitabofya kwa wakati mmoja. Tukio hilo la kubofya pamoja tunaliita sadfa. Kitu kisichogawanyika hakiwezi kubofya pande zote mbili.

Sasa tazama kinachotokea kwa leza yako. Tuseme kila kitambuzi kinabofya mara 100,000 kwa sekunde, na tunaita sadfa mibofyo miwili inayoangukia ndani ya nanosekunde 10. Kwa bahati nasibu peke yake utapata 100,000 × 100,000 × 10⁻⁸, yaani sadfa 100 kila sekunde. Ukiipima leza utakuta 100 zile zile. Ukiififisha mara kumi, kila kitambuzi kitabofya mara 10,000, bahati nasibu itatabiri sadfa 1, nawe utapima 1. Uwiano kati ya kilichopimwa na kilichotabiriwa na bahati unabaki 1 daima, uongeze vioo vitatu au thelathini. Kufifisha leza kunapunguza mwanga, lakini hakuubadilishi tabia, kwa kuwa fotoni za leza hufika kiholela, na zipo nyakati ambapo mbili huja pamoja.

Hivyo Jumatatu mwambie binti huyo kwamba jaribio ulilofanya haliwezi kulijibu swali lake, na kwamba jaribio linalolijibu lipo.

Binti wa Soweto, Moshi

Shikamoo Mwalimu, na wewe Mtafiti pia. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu wa sayansi. Kama leza haifai hata ikififishwa kiasi gani, chanzo kinachofaa hupatikanaje? Na ikiwa fotoni haigawanyiki kwenye kioo kile, je, si ingekuwa lazima ichague njia moja na michirizi ipotee kabisa?

Mtafiti wa Tengeru

Marahaba binti. Umeuliza maswali mawili ambayo watu watatu waliyajibu katika kazi moja.

Mwaka 1986 Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect, wakiwa Orsay nchini Ufaransa, walitumia atomi za kalisi ambazo zikichochewa hutoa fotoni mbili zikifuatana kwa nanosekunde chache tu, ya kwanza ya kijani na ya pili ya urujuani. Ile ya kwanza waliifanya mpiga hodi. Kitambuzi chake kilipobofya, kilifungua dirisha fupi la muda la kumpokea mwenzake, na mibofyo yote iliyotokea nje ya dirisha hilo haikuhesabiwa. Fotoni ya pili ilielekezwa kwenye kioo kinachogawa mwali. Uwiano ambao kwa leza ni 1, na ambao kwa wimbi la aina yoyote hauwezi kushuka chini ya 1, wao waliupata ukiwa takriban 0.18. Hapo ndipo wimbi lililofifia liliposhindwa kueleza.

Kuhusu swali lako la pili, walichukua fotoni zile zile, kutoka chanzo kile kile, wakaziunganisha tena njia mbili zilizotoka kwenye kioo kwa kioo kingine cha aina hiyo, na michirizi ikatokea kwa udhahiri wa zaidi ya asilimia 98. Kwa hiyo neno "kuchagua njia" halifai hapa. Ukiuliza fotoni iko wapi, itajibu mahali pamoja tu. Ukiziacha njia zote mbili wazi bila kuuliza, matokeo yatazihesabu zote mbili.

Siku hizi kalisi imeachwa, na badala yake hutumika fuwele ya beta bariamu boreti, ambayo leza ya nanomita 405 ikipita ndani yake, mara chache mno fotoni moja ya urujuani hupasuka ikawa mbili za nanomita 810, zisizoonekana kwa macho, ambazo huzaliwa kwa pamoja na kutoka kila moja upande wake. Mwaka 2004 watafiti wa chuo cha Whitman nchini Marekani walichapisha jaribio hili likiwa limeandaliwa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na uwiano wao ulikuwa 0.0177.

Ninaikumbuka fuwele ya kwanza niliyokabidhiwa: kipande cha milimita 5 kwa 5, angavu kama kioo, ndani ya kijisanduku chenye chembechembe za kunyonya unyevu, kwa sababu hewa yenye unyevu huufanya uso wake uwe na ukungu. Nilitumia siku nne nikizungusha skrubu za vioo kwa ncha za vidole, huku nikitazama namba ya sadfa kwenye skrini ikiwa 2, 3, 2, 4. Siku ya nne, jioni, nilizungusha skrubu moja kwa chini ya robo ya mzunguko na namba ikapanda ikapita 800. Asubuhi iliyofuata mwenzetu mmoja akawasha taa ya dari vitambuzi vikiwa wazi, na kimoja hakikupona. Kinachogharimu katika kazi hii ni vitambuzi, kuliko fuwele.

Fundi wa Sakina

Ninatengeneza vifaa vya maabara na hospitali hapa Arusha, na ningependa kumpunguzia Mwalimu hamu kabla hajaandika maombi ya fedha. Vitambuzi vinavyotajwa hapa ni diodi za silikoni zinazotiwa volti juu ya kiwango chake cha kuvunjika, ili elektroni moja iliyorushwa na fotoni izae maporomoko ya umeme yanayoweza kuhesabika. Diodi hizo hupozwa, kwa sababu joto peke yake huzifanya zibofye gizani. Pale ambapo umeme hupanda na kushuka mara kwa mara, na ambapo mchana stoo ya maabara huwa na joto kali, hutavitumia bila betri, kidhibiti cha volti na mtu wa kuvilinda.

Pendekezo langu ni tofauti. Bandua tando mbili kwenye vioo vya vikokotoo vibovu, zile zinazopitisha mwanga unaotikisika kwa upande mmoja tu. Zikipishana kwa digrii 90 hazipitishi kitu. Chomeka ya tatu katikati kwa digrii 45, na mwanga unarudi, kama sehemu moja ya nane ya ule ulioingia. Wanafunzi wataona kwamba kupima kunakibadilisha kinachopimwa, na huo ndio msingi wa ufunguo wa siri, yaani mfuatano wa tarakimu za kufungia ujumbe, ambao Charles Bennett na Gilles Brassard waliueleza mwaka 1984.

Mtafiti wa Tengeru

Fundi, kuhusu volti na joto nakubaliana nawe kwa kila neno. Kuhusu tando tatu, hapana, au si kwa namna ulivyosema. Binti yule wa dawati la nyuma atasimama tena, kwa kuwa wimbi la kawaida nalo linaeleza mwanga kurudi, kila utando ukichukua sehemu ya mtikisiko inayolingana na pembe yake. Ufunguo wa Bennett na Brassard una usalama kwa sababu mwanga unaobeba kila tarakimu haugawanyiki na hauwezi kunakiliwa bila kosa, jambo lililothibitishwa kihesabu mwaka 1982. Kama ungegawanyika, mdukuzi angechota kidogo na kupitisha kilichobaki. Tando zako ni nzuri sana, ila zifundishwe baada ya swali la kioo kinachogawa, zisichukue nafasi yake.

Mwalimu wa Kibosho

Nawashukuru nyote. Nimeelewa nilipokosea: niligawa nishati kwa nishati ya fotoni moja, nikapata idadi, kisha nikaichukua idadi hiyo kana kwamba nimehesabu. Ila nina swali moja kuhusu ufunguo huo, kwa kuwa wanafunzi wataniuliza. Je, ungeweza kutumwa kwa nyuzi za kioo kutoka Moshi hadi Arusha?

Mtafiti wa Tengeru

Kwa barabara ni kama kilomita 80. Uzi mzuri wa kioo, kwa mwanga wa nanomita 1,550, hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa hiyo jumla ni desibeli 16, na fotoni kama 25 katika 1,000 zitafika. Hilo linatosha kwa ufunguo. Fotoni za nanomita 810 zisingefika, kwa kuwa uzi hupoteza desibeli kama 3 kwa kila kilomita, na kwa umbali huo ni desibeli 240. Wala huwezi kuweka kikuza mawimbi njiani kama wafanyavyo watu wa simu, kwa sababu kukuza ni kunakili. Ndiyo maana China ilirusha setilaiti ya Micius mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikagawa fotoni zilizofungamana, yaani jozi ambazo matokeo yake huhusiana hata zikiwa mbali, kwa vituo vilivyoachana zaidi ya kilomita 1,200.

Turudi darasani kwako. Nimehifadhi data nilizopima mwenyewe, faili mbili za nyakati za mibofyo, moja ya leza iliyofifishwa na nyingine ya fotoni zilizopigiwa hodi. Kila mstari una namba ya kitambuzi na wakati kwa nanosekunde. Ninaweza kukutumia kipande cha mistari elfu kumi kwa kila moja, na nitaziita A na B tu.

Mwalimu wa Kibosho

Zitume, tafadhali. Tuna kompyuta sita zenye programu ya majedwali, nami nitawagawa wanafunzi makundi sita. Naomba usiniambie ipi ni ipi, hata kwa ujumbe wa faragha. Ningependa yule binti ahesabu sadfa kabla yangu.