Wanaopakia Häxan (1922) mtandaoni: mnaiharibu hii filamu, acheni

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira na sitaificha.

Häxan ya mwongozaji Benjamin Christensen ni filamu bubu ya mwaka 1922 kuhusu uchawi na mateso ya walioshukiwa kuwa wachawi, iliyogharamiwa na Svensk Filmindustri ya Sweden na kupigwa picha Denmark. Marekani hakimiliki yake ilishakwisha, kwa hiyo kila mwenye intaneti anaipakia. Apakie tu, hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba nakala nyingi zinazozunguka ni mbovu, halafu watazamaji wanazitumia kuhukumu kwamba filamu za kale ni vichekesho, eti watu wanatembea kama kuku.

Hawatembei kama kuku! Hiyo ni kasi. Nakala iliyorejeshwa vizuri huenda kwa fremu (picha moja moja) 20 kwa sekunde na huchukua dakika 104 hivi. Ukiimwaga kama ilivyo kwenye faili la fremu 24, kila tendo linaharakishwa kwa asilimia 20 na filamu nzima inakwisha dakika ya 87. Kwenye faili la fremu 25 inakwisha dakika ya 83. Vibao vya maandishi navyo vinapita kabla hujamaliza kusoma. Dawa yake ni kurudia fremu moja katika kila tano, ili zile 20 zitimie 24. Ila zirudiwe, zisichanganywe! Programu ikiruhusiwa kuchanganya fremu jirani inazaa vivuli kuzunguka kila anayesogea, na hii ni filamu ambayo vivuli vina kazi yake: wachawi wanaoruka juu ya mapaa walipigwa picha peke yao, kisha wakawekwa juu ya picha ya mji mdogo wa mfano. Mtazamaji atajuaje kivuli cha Christensen ni kipi na cha programu yenu ni kipi?

Mkasi ndio unaoniudhi kuliko yote. Filamu ina sehemu 7. Ya kwanza ni mhadhara mtupu: michoro ya kale, mifano ya ulimwengu na jehanamu, fimbo ikielekeza jicho lako mahali pa kutazama. Ya mwisho inaingia zama za Christensen mwenyewe na kuuliza kama wanawake waliochomwa moto kwa tuhuma za uchawi hawakuwa wagonjwa wa aina ile ile waliokuwa wakilazwa hospitalini mwaka 1921. Wapakiaji wanazikata zote mbili kwa kuwa "zinachosha", wanabakiza mashetani.

Sasa angalieni kinachotokea. Maria, mfumaji, bibi kizee, anakamatwa kwa sababu Anna, mke wa mchapishaji, amemtuhumu kumroga mumewe. Anateswa. Akishindwa kuvumilia anaanza kuungama, na ile karamu maarufu ya wachawi na Shetani, msalaba ukikanyagwa huku mapepo wakicheza, ndiyo maungamo yake yanayopita mbele ya macho yetu. Mahakimu wakimbana ataje wenzake, anawataja wanawake wa nyumba ile ile iliyomtuhumu, na baadaye Anna naye anaishia mikononi mwa mahakimu hao hao. Kwa hiyo picha za karamu ni maneno ya mtu aliyevunjwa kwa mateso. Kata mateso, bakiza karamu, na umemgeuza bibi yule kuwa mchawi kweli. Filamu iliyotengenezwa kuwatetea wanawake hawa inakuwa ushahidi dhidi yao. Hilo si kosa dogo la kiufundi, wakuu.

Halafu kuna toleo la 1968 la Antony Balch, lenye sauti ya mwandishi William S. Burroughs akisimulia na muziki wa jazi wa Daniel Humair. Ni dakika 77 hivi. Lina mashabiki wake na sina ugomvi nalo. Ugomvi ni kulipakia na kuandika "1922, toleo kamili". Ukisikia mtu anaongea, hiyo siyo ya 1922.

Rangi: nakala za maonyesho wakati ule zilichovywa kwenye dawa za rangi, samawati kwa matukio ya usiku, wekundu au rangi ya kaharabu kwa ndani. Rangi ilikaa kwenye nakala, haikuwa kwenye negativu (filamu ya asili ambayo nakala huchapwa kutoka kwayo), ndiyo maana kinachotolewa moja kwa moja kwenye negativu hutoka cheusi na cheupe. Anayeiondoa makusudi ili filamu "ionekane ya kale" anaondoa kitu cha kale kweli, na matukio ya usiku yanageuka ya mchana.

Umbo la picha ni 4 kwa 3. Mkiikata ijaze skrini ya 16 kwa 9 mnatupa robo nzima ya kimo, na kinachokwenda ni vichwa vya watu na mistari ya juu na chini ya vibao. Acheni ile mistari myeusi pembeni, haimdhuru mtu.

Muziki nao: onyesho la kwanza la Copenhagen lilipigiwa kazi za Schubert, Gluck na Beethoven. Mingurumo ya kompyuta ya dakika zote hizo haitishi, inachosha masikio.

Kwa mtazamaji aliyekwama na nakala ya dakika 87: punguza kasi ya kichezeshi hadi 0.83. Ya dakika 83, weka 0.8. Muziki utavutika, basi uzime na upige mwingine kando, hakuna mazungumzo utakayopoteza. Ila uhesabu kwanza kama sehemu zote 7 zipo, kwa sababu dakika 87 zinaweza pia kuwa ni kasi sahihi yenye vipande vilivyokatwa, na hapo ukipunguza utawaona watu wanaelea.

Na wapakiaji: andikeni kwenye kichwa cha video urefu, idadi ya sehemu, kasi ya fremu na toleo. Mistari miwili tu.