Mjadala: Kabla ya kubishania uchi ufukweni, ufukwe wenyewe ni wa nani?

Mwanzisha mada, Entebbe

Wadau, wiki hii watu wamekuwa wakitaja fukwe wanazozipenda duniani. Mmoja kataja Nungwi, mwingine Copacabana, mwingine Diani. Kisha ndugu mmoja anayeishi Ujerumani akataja Sylt, kisiwa cha kaskazini chenye sehemu ambako watu huoga bila nguo, na moto ukawaka. Kuna wanaomwita mpotovu, na kuna wanaouliza kwa nini Uganda nasi tusitenge kipande kama hicho Ziwa Victoria tuvune dola za watalii. Mimi nina neno kabla hatujafika kwenye nguo.

Ufukwe ninaoupenda kuliko yote hauko mbali. Ni ule wa umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa, wenyewe wanauita Pirates. Jumapili alasiri unakuta familia zimeshuka kwenye matatu na sufuria zao. Vijana wanawakodishia mipira ya matairi watoto wasiojua kuogelea. Akina mama wameingia majini na mabuibui yao hadi kiunoni, wameshikana mikono, wanapiga kelele wimbi likija, na hatua chache pembeni kuna kijana amevaa kaptula fupi ya kuogelea tu. Ngamia anapita, muuza viazi karai anapita. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala una shilingi ngapi.

Sasa njoo Entebbe. Sehemu nyingi ukishuka kwenda ziwani unakutana na geti. Unalipa, unagongwa muhuri mkononi, mlinzi anapekua mkoba ahakikishe hukubeba chakula cha nyumbani, maana samaki lazima ununue ndani. Mzazi mwenye watoto wanne anapiga hesabu palepale getini, na wengine wanageuza. Sikukuu ya Krismasi nimeona watoto wameshikilia waya wa uzio wakiangalia wenzao wanavyorushiana maji. Ziwa lenyewe Uganda ina zaidi ya asilimia 40 yake, lakini watoto wale hawakuwa na pa kuliingilia.

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema maziwa ya asili, mito na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa manufaa ya wote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zikaweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kutoka kwenye maji ya Ziwa Victoria. Mita mia mbili! Panda mtumbwi upite mbele ya Entebbe, Garuga hadi Munyonyo, uhesabu kuta, baa na nyumba za wakubwa zilizosogea mpaka majini.

Wenzetu waliligombania jambo hili. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 1966 mwenye hoteli ndogo mjini Cannon Beach alizungushia uzio mchanga mkavu mbele ya hoteli yake akasema ni wa wageni wake tu. Watu wa jimbo walikuwa wameuzoea ufukwe kuwa wao tangu mwaka 1913, sheria ilipoutangaza kuwa barabara ya umma. Wakapiga kelele, na mwaka 1967 ikapitishwa sheria kwamba mchanga wote, mbichi na mkavu, uko wazi kwa kila mtu. Brazili waliandika mwaka 1988 kwamba fukwe ni mali ya umma na njia ya kufika baharini haifungwi. Hispania nao, mwaka huohuo. Jamaika ni kinyume: sheria ya fukwe ya mwaka 1956, ya enzi za Mwingereza, haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia baharini kuoga, na hadi leo Wajamaika wanalalamika kwamba hoteli zimewafungia bahari yao.

Mkitaka kujua hizo sehemu za kuoga uchi ziko wapi hasa, tazameni. Haulover, Miami, ni bustani ya umma ya kaunti. Tangu mwaka 1991 upande wake wa kaskazini umekuwa wa wanaotaka kuvua, na kuna vibao vinavyokuonya kabla hujafika. Tambaba, Brazili, upande wa uchi umetengwa na miamba na una masharti yake. Denmark, kwenye fukwe nyingi, anayevua havunji sheria. Kwanza ufukwe ulikuwa wa watu, ndipo watu wakakaa chini wakagawana: hapa familia, pale wavuvi, kule mbali wanaotaka kuota jua kama walivyozaliwa. Sisi hatuna cha kugawana. Msimamo wangu: kipande kilichotengwa mbali na chenye kibao hakimdhuru mtu, ila ukuta unamdhuru kila siku. Tuanze na ukuta.

Mwalimu, Masaka

Ndugu yangu, la ukuta tuko pamoja. La pili umelipitia haraka mno.

Kwetu mwili wa mtu mzima kuwa wazi mbele za watu si jambo la kupumzika. Una uzito mwingine. Mwaka 2015 kina mama wazee wa Apaa, kule Amuru kaskazini mwa Uganda, walivua nguo mbele ya mawaziri waliokuja kuweka mipaka kwenye ardhi yao. Nchi nzima ilielewa bila kufasiriwa: ile ilikuwa laana, silaha ya mwisho ya mtu aliyenyang'anywa kila kitu. Mama wa umri wa bibi yako akivua mbele yako, unalia, unakimbia, unaomba msamaha. Unataka watoto wangu wapite njiani waone mwili uleule umelala kwenye taulo, waambiwe ni starehe? Ukishaufanya kitu cha kawaida, siku mama wa Apaa mwingine atakapovua, nani atashtuka?

Mjerumani ana historia yake. Wajerumani wamekuwa wakivua fukweni tangu enzi za babu zao, na Ujerumani ya Mashariki ilikuwa desturi ya watu wa kawaida kabisa, mfanyakazi wa kiwanda na mkewe na watoto. Simlaumu. Ila hata Afrika Kusini, yenye sheria huru kuliko zetu, halmashauri moja ya KwaZulu-Natal iliporuhusu ufukwe wa uchi Mpenjati mwaka 2014, wakazi na makanisa waliinuka. Jambo la kuletwa kutoka juu halikai.

Dada wa Bombo

Assalaam alaykum. Mwalimu, nakuheshimu, lakini naomba pia tukumbuke yaliyotokea mitaani mwaka 2014, ile sheria ya kupinga ponografia iliposainiwa na watu wakaielewa kuwa ni sheria ya sketi fupi. Makundi ya wanaume yaliwakamata wanawake barabarani na kuwavua nguo mchana kweupe, eti wanalinda maadili. Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta vifungu vikuu vya sheria ile mwaka 2021, na wale wanawake walikuwa wameshadhalilika. Tangu hapo kila nikisikia mtu anataka kupanga mavazi ya wanawake, kwa kuongeza au kwa kupunguza, mwili wangu unasisimka.

Mimi navaa stara kamili. Kuna sehemu moja nilizuiwa kuingia majini na wanangu kwa sababu nguo zangu "si za kuogelea". Nililipa, nikakaa kwenye kiti kutwa nzima nikiwashikia wanangu viatu. Ufaransa mwaka 2016 miji ya pwani iliwakataza Waislamu kuoga na burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, mpaka baraza la juu la mahakama likasimamisha katazo la Villeneuve-Loubet. Na nchi hiyohiyo ina Cap d'Agde, mji wa mapumziko wenye mtaa mzima ambako watu wanatembea uchi hadi dukani. Kwa hiyo mwanzisha mada, mtakapogawana huo ufukwe, mimi nataka kuandikwa. Nataka sehemu nitakayoingia na buibui langu kama wale mama zako wa Mombasa, na nataka saa za wanawake peke yao. Nikiwa na hayo mawili, anayetaka kuvua maili kumi kutoka nilipo, hesabu yake iko kwa Mola wake.

Mfanyakazi wa hoteli, Kalangala

Nimefanya kazi na watalii hapa Bugala, kisiwa kimojawapo cha Ssese, kwa muda mrefu. Wazungu wanaopanda meli Nakiwogo kuja Ssese hawaulizi sehemu ya kuvua nguo. Wanauliza ndege, wanauliza umeme, wanauliza meli inarudi saa ngapi, na wakishafika mchangani swali la kwanza ni kichocho.

Hapo ndipo naona mnakosea nyote. Mnazungumza nguo wakati maji yenyewe yanaumiza. Mdudu wa kichocho anatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na anapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu unapiga picha. Mayai yake yanaingia ziwani kutoka kwa mtu aliyejisaidia kando ya maji. Mkifungua ufukwe bure Krismasi, watu maelfu, bila choo hata kimoja, mtawapa watoto wale wa kwenye uzio ugonjwa badala ya starehe. Wanaokwenda Ziwa Bunyonyi husifu kwamba kule unaogelea bila hofu hiyo, na mimi nawaonea wivu. Kwanza vyoo, kisha kukata majani, kisha mlinzi wa waogeleaji mwenye boya na filimbi. Geti mnalolilaani wakati mwingine ndilo linalolipa mtu wa boya.

Na mkitenga sehemu ya uchi Uganda, nawaambia itakavyokuwa: mwekezaji atapewa kisiwa kizima, atazungushia uzio, ataandika bei kwa dola.

Mtoto wa mwalo, Kasenyi

Naona mnajadili kana kwamba hakuna mtu anayeoga uchi ziwani. Sisi tunaoga. Jua likizama, wavuvi wakishavuta mitumbwi, wanaume wanakwenda upande wao, wanavua, wanajisugua na sabuni, wanacheka. Wanawake wana upande wao kwenye mawe, na mwanaume akielekea huko atasikia matusi ya miaka saba. Hakuna kibao, hakuna kamati. Nimekua hivyo. Lililovuruga ni simu. Siku hizi mgeni wa baa ya jirani anasimama ukutani na kupiga picha, mama zetu wameacha kuoga pale, wanabeba maji nyumbani kwa ndoo.

Lakini mimi mwanzisha mada ananitia hofu. Hizo mita 200 unazozitaja kwa furaha ndizo zinazotumika kutubomolea vibanda. Operesheni ikija haianzi kwenye hoteli yenye ukuta wa mawe. Inaanza kwa mwenye kibanda cha mabati cha kukausha mukene, dagaa wetu. Ukiniambia "ufukwe wa umma", nauliza: umma huo sisi tumo?

Mwanasheria, Jinja

Kwa ufupi. Ukanda wa mita 200 haumpi mwananchi haki ya kupita wala ya kuoga. Ni wa kulinda mazingira: unazuia ujenzi na shughuli fulani bila idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na idhini inaweza kutolewa. Ibara ya 237 inazungumza udhamini wa serikali juu ya ziwa, nayo ni hoja nzito. Ila haisemi popote kwamba mwenye kiwanja cha mbele lazima akupishe uende majini. Wabrazili waliandika haki ya kufika. Sisi tuliandika kulinda, tukaacha kufika. Mkitaka mahali pa kupiga shoka, ni hapo. Kinachohitajika ni kifungu cha njia, na kimtaje mvuvi kwa jina la kazi yake, asije akafagiliwa kama uchafu.

Mwanzisha mada, Entebbe

Mwanasheria, shukrani. Hilo la njia ndilo nilikuwa nalitafuta, wewe umeliweka kwa lugha yake.

Mwalimu, sitabishana nawe juu ya Apaa. Wale mama walivua kwa sababu ya ardhi iliyokuwa inazungushiwa mipaka, na siwezi kuliweka jambo lile meza moja na taulo la mtalii. Kwa hiyo nasogea: sehemu ya kuvua isiamuliwe Kampala, na isiamuliwe na mwekezaji. Ibaki kwa watu wa eneo husika, wakisema hapana iwe hapana. Kama watu wa Kalangala wanaona watapewa kisiwa chenye bei ya dola, basi jibu lao ni hapana na mimi nalipokea. Ila sikubali hofu ya uchi itumike kutunyamazisha kuhusu uzio.

Dada wa Bombo, umeandikwa. Buibui, burkini, t-sheti na kaptula, kila anayeingia majini kwa staha yake asizuiwe, na saa za wanawake ziwepo. Pwani ya Kenya watu wanaoga hivyo bila kuitisha mkutano.

Ndugu wa Kalangala, vyoo na mlinzi wa maji si vya kusubiri geti. Halmashauri inakusanya kodi kwenye kila baa ya ufukweni. Sehemu ya kodi hiyo ijenge choo pembeni ya maji, imlipe mwenye boya. Tusiisahau ile mashua ya starehe iliyozama pale Mukono Novemba 2018, watu zaidi ya 30 wakafa. Mageti ya fukwe hayakuwaokoa.

Na wewe wa Kasenyi: mwalo wenu wa kutia mitumbwi unaanza, ufukwe wa kuoga unafuata. Njia itakayofunguliwa kwa kumbomolea mvuvi siitaki, na kama mjadala huu ukielekea huko nitakuwa wa kwanza kuupinga. Upande wa wanawake kwenye yale mawe urudi kwao, na anayepiga picha kutoka ukutani ashitakiwe.

Sasa naomba kazi. Kila mtu aandike hapa chini njia moja ya zamani ya kushuka ziwani anayoijua iliyozibwa: ilianzia wapi, ilitumiwa na nani (wachota maji, wavuvi, watoto wa shule, waliokwenda kubatizwa), ilifungwa karibu mwaka gani, na sasa pamekaa nini. Msitaje jina la mwenye nyumba. Mwalimu, wa Masaka tunakusubiri wewe. Nikishapata za kutosha nitamwomba mwanasheria atusaidie kuandika barua moja kwa NEMA na moja kwa mbunge wa kila eneo.