Albamu ya roki ya ibada inanigusa sana nikiwa peke yangu, kanisani watu wananyamaza. Naomba ushauri

Pambio_Lurambi (mwenye uzi)

Bwana asifiwe, wapendwa.

Naongoza timu ya sifa katika kanisa moja hapa Kakamega, upande wa Lurambi. Si kanisa kubwa. Paa ni la mabati bila dari, tuna kinanda kimoja, gitaa la solo, besi, na dramu tulizonunua kwa harambee. Watu wetu wamelelewa na tenzi na pambio, na pambio likianzishwa wanaimba kweli, hadi akina mama wa benchi la mwisho.

Sasa kuna albamu imetushika sisi vijana. Ni ya Delirious? (hiyo alama ya kuuliza ni sehemu ya jina lao), bendi ya Waingereza kutoka mji mdogo wa Littlehampton. Waliirekodi usiku wa kuagana na watu wao, tarehe 29 Novemba 2009, katika ukumbi wa Hammersmith Apollo, London. Naisikiliza usiku kazi zikiisha. Vyombo vikishuka na ukumbi mzima ukabaki unaimba, mimi hujikuta naomba bila kupanga kuomba. Nikisoma maneno yaleyale kwenye karatasi, sipati hali hiyo.

Tulijaribu wimbo wao mmoja, "History Maker", kwenye ibada ya pili. Wapigaji walikuwa wamejifunza kila kitu na waliupiga vizuri. Kanisa likasimama likitutazama mpaka mwisho, kisha makofi ya heshima. Baadaye mzee mmoja wa kanisa ambaye namheshimu sana akaniuliza, "Binti, hao watu kwenye kanda wanamwabudu Mungu au wanashangilia bendi?" Nilikosa la kumjibu, na swali lake halijaniachilia.

Ninaomba mnisaidie. Hali inayonipata nikisikiliza ni ibada, au ni dramu na kelele za umati tu? Halafu Jumapili ya vijana ni Agosti na wenzangu wanataka tupige nyimbo tatu za albamu hiyo, tena kama zilivyo. Nikubali?

Shangwe_Nakuru

Kubali dada. Zaburi 33:3 inataka wimbo mpya, upigwe kwa ustadi na kwa sauti ya shangwe. Watu watazoea.

Mzee_wa_Njoro

Binti yangu, nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na huyo mzee mwenzangu hakukudharau kwa kukuuliza vile. Kukuuliza ni kukuamini, maana angeweza kwenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Huyu wa juu anasema watu watazoea. Watazoea kutazama. Hilo ndilo ninaloliogopa. Mtu akizoea kusimama mikono mfukoni wakati wa sifa, kumrudisha ni kazi ya miaka. Soma 1 Wakorintho 14. Paulo anauliza yule asiyeelewa atasemaje Amina. Nyimbo hizo ni za Kiingereza, tena cha haraka, na wale akina mama wako wa benchi la mwisho wanaomba kwa Kiluhya na Kiswahili. Walinyamaza kwa sababu hamkuwapa mahali pa kuingilia. Roki yenyewe siipingi. Ninachouliza kila Jumapili ni kama kanisa liliimba.

FundiMitambo_Kondele

Dada, mimi ni fundi wa sauti hapa Kisumu, nafunga vyombo kwenye mikutano ya injili, harusi na matanga. Acha nikueleze rekodi ya namna hiyo inavyotengenezwa, maana naona sehemu kubwa ya tatizo lenu iko hapo.

Jukwaani kila chombo kina maiki au waya wake. Dramu peke yake zinaweza kuchukua maiki nane na zaidi. Kila maiki inarekodiwa kivyake ili baadaye iweze kupandishwa au kushushwa bila kugusa nyingine. Halafu kuna maiki ambazo hakuna anayeziimbia: zinawekwa pembeni mwa jukwaa au kuning'inizwa juu, zikielekezwa kwa watu. Onyesho likiisha, fundi anaingia studio na kuanza kusawazisha. Ubeti ukiimbwa anawashusha watu, kiitikio kikifika anawapandisha. Bendi nyingi pia hurudia studio sehemu zilizoharibika, ni jambo la kawaida katika kazi hii. Kwa hiyo wewe ukivaa hedifoni kitandani, uko mahali ambapo usiku ule hakuna mtu aliyesimama: sikio lako liko mdomoni kwa mwimbaji, liko kando ya dramu, na liko katikati ya umati, yote kwa wakati mmoja. Ukumbi huo nao ni jumba kubwa lililofunguliwa mwaka 1932 kama sinema.

Rudi sasa Lurambi. Mabati bila dari, na nadhani chini ni saruji. Matoazi yakipigwa kwa nguvu, sauti inapanda, inagonga mabati, inarudi ikiwa imechelewa kidogo na kufunika maneno. Aliyekaa nyuma anapata mshindo wa besi na ukelele wa matoazi, basi. Hawezi kuimba wimbo ambao hasikii maneno yake. Na mvua yenu ya Kakamega ikianza kupiga juu ya mabati, najua mnachofanya: mnaongeza sauti.

Fanyeni hivi. Tundikeni mablanketi mazito au mapazia nyuma na pembeni mwa dramu. Mpigaji atumie brashi au vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja badala ya fimbo nzito, na matoazi ayaguse tu. Spika zielekezwe kwenye vifua vya watu, zisielekezwe ukutani wala juu. Spika za jukwaani, zile za wanamuziki kujisikia, zishusheni hadi walalamike, kisha mwongeze kidogo. Siku ya mazoezi mtu mmoja aende akakae benchi la mwisho, akiwa na karatasi aandike maneno anayoyasikia. Mkikuta nusu ya ubeti haipo, mmejua pa kuanzia.

Pambio_Lurambi

Asante sana fundi, sakafu ni saruji kweli. Lakini umenishtua kidogo. Kwa hiyo ule umati ninaousikia umetengenezwa?

FundiMitambo_Kondele

La, dada. Watu walikuwepo na waliimba. Umati umesogezwa karibu na wewe, na umewekwa pale ambapo moyo wako ungeungojea. Ni kazi ya mikono, na ni kazi nzuri. Usiidharau, ila ujue ipo, usije ukaitafuta Jumapili ukaikosa ukadhani Mungu hakuja.

Na usipandishe sana hedifoni hizo. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na kadiri unavyopandisha, muda unapungua upesi.

Kanda_za_Zamani_Section58

Niko Nakuru, na bendi hii nimeifuata tangu enzi za kaseti. Ninataka kulijibu swali la mzee, kwa sababu nadhani lina jibu.

Hao hawakuanza kama bendi ya matamasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wanamuziki wa kanisa lao hapo Littlehampton, wakiongoza mkutano wa vijana wa kila mwezi ulioitwa Cutting Edge. Martin Smith, mwimbaji wao, alikuwa fundi wa studio. Nyimbo zilizaliwa mikutanoni, zikaimbwa na vijana walewale mwezi baada ya mwezi, zikarekodiwa kwenye kaseti, zikasambaa makanisani. "I Could Sing of Your Love Forever" ni ya miaka hiyo. "History Maker" ilitoka mwaka 1997 kwenye albamu ya King of Fools. Sasa piga hesabu mpaka Novemba 2009. Waliojaa ukumbini usiku ule walikuwa wamekaa na nyimbo hizo miaka 12, wengine zaidi. Walikuwa wamezipigia magoti, wameolewa nazo, wamezika nazo. Ndiyo maana bendi ikinyamaza wao wanaendelea.

Na ulikuwa usiku wa mwisho wa bendi. Lazima wengi walilia kwa ajili ya bendi, kwa ajili ya ujana wao, na kwa ajili ya Mungu, vyote vikiwa vimechanganyika ndani ya mtu mmoja. Mwambie mzee kwamba wanafanya yote mawili. Mimi naona ni jibu la kweli, na yeye atalipokea kuliko ukijaribu kuitetea bendi.

Kanisa lenu mliliimbia mara moja mkataka liitikie kama watu wa miaka 12. Wapeni wimbo mmoja, muurudie Jumapili baada ya Jumapili. Tatu kwa mkupuo, hapana.

Zamu_ya_Usiku

Nimesoma yote na ninashukuru, lakini swali lake la kwanza limepitwa mbio.

Mimi ni muuguzi, Nakuru. Kuna miezi zamu zinanipangia hivi kwamba Jumapili inapita nikiwa wodini au nikiwa nimelala. Albamu za ibada zilizorekodiwa mbele ya watu ndizo zinazonishika mkono. Nina za studio pia, zimepangika zaidi na ni safi zaidi. Lakini saa tisa usiku, wagonjwa wakitulia, nataka kusikia watu wengi wakimwimbia Mungu, hata wale wanaokosea noti. Zaburi 42 iliandikwa na mtu aliye mbali. Anakumbuka alivyokuwa akienda na mkutano nyumbani kwa Mungu kwa sauti za furaha na sifa, na kukumbuka huko ndiko kunakomfanya aombe. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anapenda kelele za umati.

Kwa hiyo dada, usijichunguze mpaka ukaua furaha yako. Mwenyewe nafanya hivi: wimbo ukiisha nauzima kabla ya unaofuata, na kwa dakika chache namwambia Mungu kwa maneno yangu kile ambacho wimbo umesema. Kuna usiku maneno yanakuja mengi. Kuna usiku nagundua kwamba nilikuwa nafuata gitaa tu, basi nalala, na Mungu ananijua.

Pambio_Lurambi

Dada wa zamu, nimesoma hili nikanyamaza muda mrefu. Mungu akubariki kwa kazi yako.

Nyuzi_Nane

Mpiga gitaa hapa, Kisumu. Niseme kuhusu "kama zilivyo."

Gitaa la Stu G, mpiga gitaa wao, limejaa mwangwi. Anapiga noti moja, kifaa kinairudia kwa mdundo wa wimbo, na wewe unasikia noti nne. Kijana wenu akipiga noti hiyohiyo bila kifaa, na bila ukumbi mkubwa, inabaki shimo. Anajaza shimo kwa kuongeza sauti. Tatizo la mabati linazidi.

Nanyi hamko mbali na nyumbani kwa benga, muziki wa gitaa wa Waluo! Gitaa la benga tangu mwanzo limechukua kutoka kwenye nyatiti, kinubi cha Waluo cha nyuzi nane: noti moja moja, upesi, solo likimfuata mwimbaji na kumjibu mwisho wa mstari. Mpeni gitaa la pili kijana mwingine, mmoja ashike mduara wa koodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), wa pili ajibu sauti. Ule mmemeto mnaoupenda kwenye albamu utapatikana kwa mikono minne, na wazee watausikia kama kitu chao. "I Could Sing of Your Love Forever" inafaa kabisa kwa jaribio hili, kwa sababu beti na kiitikio vinazunguka kwenye koodi nne zilezile.

Mwana_wa_Shinyalu

Na ngoma? Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Zileteni kwenye kiitikio, muone kama kuna mama atakayebaki amekaa.

Mzee_wa_Njoro

Hilo la isukuti waulizeni wazee wenu kwanza. Kuna makanisa yanayoipenda na kuna wanaoihusisha na matanga. Binti, nenda umwone huyo mzee kabla ya Agosti, tena nyumbani kwake. Msikilizishe wimbo mmoja, umpe maneno kwa Kiswahili.

Hati_Miliki_KE

Neno moja kuhusu Kiswahili. Kutafsiri ni haki ya mtunzi, iko kwenye Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mkitaka kutafsiri na kuweka video mtandaoni, andikieni wachapishaji wa nyimbo hizo muombe ruhusa.

Pambio_Lurambi

Nimewaelewa. Tutachukua wimbo mmoja, "I Could Sing of Your Love Forever", kwa magitaa mawili. Tutauanza mapema kabla ya Agosti ili kanisa liuzoee, na barua ya kuomba ruhusa ya tafsiri nitaiandika wiki hii. Kwa mzee nitaenda Jumamosi. Vijana watanung'unika, nitakaa nao.

Limebaki moja. Martin Smith anaimba juu sana. Mimi nafika, akina mama sijui.

Alto_wa_Mbale

Hawafiki, mpenzi, na akina baba nao wataacha kuimba wakidhani wimbo ni wa wanawake. Nafundisha kwaya hapa Vihiga. Kwa kanisa la kawaida mimi hukaa kati ya A iliyo chini ya C ya katikati na D ya juu, akina baba wakiimba hivyohivyo oktava moja chini. Tafuta kwenye kinanda noti ya juu kabisa ya kiitikio. Ikipita D, shusha.

Wimbo huo kwa kawaida hupigwa kwenye ufunguo wa E. Jaribuni D, na ikibidi C. Mwenye kinanda asitegemee kitufe cha kuhamisha sauti, ajifunze koodi zenyewe, maana yeye na wa gitaa wote wawili lazima wajue mlipo. Kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, hupandisha tu, haishushi, kwa hiyo wa gitaa ashike koodi za D moja kwa moja. Mkianza mazoezi, mwiteni mama mmoja wa benchi la mwisho aje aimbe nanyi. Asipofika juu, shusheni tena.