Kuvunja kamati katikati ya bahari: nimeachwa kwenye fungu la mchanga kwa deni la elfu themanini

Wakuu, naandika hata nguo sijabadilisha. Kochi limelowa, na viatu vyangu vya harusi nimeviegemeza ukutani vinamwaga mchanga.

Mwenyekiti mnamjua, simtaji. Yule anayefungua kila kikao na "ndugu wajumbe, mimi si mtu wa maneno mengi", halafu mnatoka saa tano usiku. Harusi imepita salama, tukabaki na kuvunja kamati. Watu wenye akili wanavunjia baa ya mtaani: mbuzi anachomwa, mnalaumiana kidogo, mnaondoka. Yeye akasema safari hii tunavunjia "ukumbi usio na kuta".

Ukumbi wenyewe ni Nakupenda. Lile fungu la mchanga mbele ya Mji Mkongwe! Mti hakuna, choo hakuna. Tumetoka Dar alfajiri na sare za kitenge, tukabeba spika, sufuria za pilau, na MEZA KUU. Ina kitambaa na maua.

Tulitakiwa tufike saa nne, maji yakiwa yamekupwa. Tumefika saa saba na nusu kwa sababu mwenyekiti alikuwa anasubiri keki. Mhazini hajamaliza ukurasa wa kwanza wa mapato, maji yanalamba miguu ya meza kuu. Kufika mengineyo, yako kwenye vifundo. Katibu anaandika muhtasari amesimama, kandambili zake zinaelekea Bagamoyo.

Boti zilikuwa mbili, moja haijarudi. Sasa sikilizeni. Yule bwana akawa wa kwanza kupanda, akatoa daftari la michango. DAFTARI, jamani, baharini! Akashika maiki: "Waliomaliza ahadi wapande kwanza. Elfu Themanini, subiri boti ya pili."

Hakuniita jina. Kaniita Elfu Themanini. Mbele ya wakwe. Mama mkwe akauliza, "Ndiye huyu?" Na mke wangu, ambaye ahadi yake alishamaliza, akapanda.

Maji magotini, mimi na sufuria tupu na kijana wa spika. Elfu Themanini!

*

Kisamvu cha Jana: Shemeji aligeuka kukuangalia au alitazama mbele tu? Uzi wote unategemea hapo.

Mleta uzi: Alinipungia mkono.

Kisamvu cha Jana: 😂😂😂 Nimekaa paleee.

Ngalawa Kuukuu: Mnatukana mwenyekiti bure, nyie watu wa bara hamtazami mwezi. Jana mwezi mpevu, maana yake bamvua. Unguja siku za bamvua maji yanakupwa kama saa nne asubuhi, saa kumi jioni yamejaa pomoni, na tofauti yake inapita kimo cha mtu. Mngekwenda siku za maji mafu mngepata afueni. Fungu halikodishwi, linaazimwa kwa saa.

Mleta uzi: Mzee, bamvua naielewa. Bamvua haikunitangaza kwenye maiki.

Lipa Kwanza: Mkuu, uliahidi shilingi ngapi?

Mleta uzi: Laki moja.

Lipa Kwanza: Kwa hiyo ulitoa elfu ishirini, ukala pilau, ukavaa sare, na boti ukataka upande ya kwanza? Mwenyekiti apewe kamati zote za nchi hii.

Bi Mkubwa wa Kirumba: Afadhali wewe maji. Sisi kitchen party tulipelekwa Saanane, kile kisiwa cha hifadhi hapa Mwanza, eti "mazingira tofauti". Somo yuko katikati ya kumfunda mwari, mambo mazito ya ndani, pimbi wamejipanga juu ya jiwe wanasikiliza. Mmoja kaondoka na sambusa. Na aliyechagua ni wifi yangu, mnamjua.

Mpenda Historia: Kwa nini hamkwenda Changuu, ni hapo jirani? Lile jengo la mwaka 1893 lilijengwa liwe gereza, likaishia kuwa karantini.

Kisamvu cha Jana: Changuu kuna kobe wakubwa. Watakula maua ya meza kuu.

Mpenda Historia: Kobe wale walitoka Shelisheli, wana heshima zao kuliko wanakamati wengi.

Lipa Kwanza: Na michango wanamaliza.

Mleta uzi: Jamani, mimi nimeitwa ELFU THEMANINI.

Bi Mkubwa wa Kirumba: Tumesikia baba. Lakini hiyo pilau ilikuwa ya kuku au ya nyama? Maana pilau ya kuku nayo siku hizi ni dharau.

Ngalawa Kuukuu: Pilau ya kuku ni pilau. Msituanzie.

Bi Mkubwa wa Kirumba: Ni wali wenye rangi.

Mgeni wa Leo: Samahani wakuu kuingilia, nina ubarikio wa mtoto mwezi ujao, watu arobaini. Kuna anayejua ukumbi wa bei nafuu Kimara? Wenye kuta.