Je, tuicheke The General bila kuuliza shujaa wake yuko upande gani?

Binti Pangani: Wapenzi wa sinema bubu, kila inapotajwa The General ya Buster Keaton, iliyotengenezwa mwaka 1926, sifa hazina mwisho, nami naomba tuulizane jambo ambalo wanaoisifu huliruka. Johnnie Gray, dereva wa treni anayeigizwa na Keaton mwenyewe na anayetuchekesha, anaitumikia Kusini, yaani majimbo ya Marekani yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Kisa cha kweli cha Aprili 1862, wakati wa vita kati ya Kusini hiyo na Kaskazini, kiliwahusu watu wa Kaskazini walioongozwa na James Andrews: waliiba kichwa cha treni kule Georgia, wakafukuzwa, wakakamatwa, na Andrews akanyongwa pamoja na wenzake saba. William Pittenger, mmoja wa waliokamatwa, ndiye aliyeandika kitabu ambacho Keaton alikichukua na kukipindua, akamfanya mfukuzaji kuwa shujaa na waliofukuzwa kuwa waovu. Utumwa hautajwi popote. Sisi wa pwani, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, tunaipokeaje hadithi hiyo kwa kicheko kitupu? Niongeze, ingawa si hoja yangu kuu, kwamba Keaton si mwigizaji. Ni mwanasarakasi mwenye uso wa ubao.

Fundi wa Reli: Dada, nimesoma yote, lakini hilo la mwisho siwezi kuliachia lipite. Mtazame Johnnie baada ya kukataliwa na mchumba wake, anapoketi juu ya chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya injini, mnyonge, asitambue kwamba treni imeanza kuondoka, na chuma kile kinampandisha na kumshusha mpaka anaingia bandani. Aliyefanya kazi na injini za mvuke anajua kwamba mvuke ukifunguliwa kupita kiasi magurudumu huzunguka kwa ghafla palepale yalipo, na aliyeketi hapo hapati wasaa wa kuruka. Sarakasi ipo, sikatai. Lakini huzuni ya kijana yule inaonekana mabegani, na mwigizaji wa kawaida angehitaji machozi ya ndoo nzima kutufikisha hapo.

Kijana wa Chumbageni: Mnasifu magurudumu. Mwaka mmoja kabla, katika The Gold Rush, Chaplin alichoma mikate miwili kwa uma akaichezesha ngoma mezani, nasi tukamwonea huruma bila injini hata moja. Hilo daraja la The General mnalolitaja kila mara, linaloanguka na treni, nadhani lilikuwa mfano mdogo tu, kama walivyozoea kufanya enzi zile.

Fundi wa Reli: Unadhani, ndugu yangu, na hapo ndipo ulipoteleza. Kichwa kile kilikuwa cha kweli, na kilitumbukizwa katika Mto Row, karibu na Cottage Grove, Oregon, kiangazi cha 1926, huku umati ukitazama. Gharama inayotajwa mara nyingi kwa tukio hilo moja ni dola 42,000. Nafasi ya kurudia haikuwapo, na mabaki yalilala mtoni hadi Vita Kuu ya Pili, vyuma chakavu vilipotafutwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kijana wa Chumbageni: Kumwaga fedha hakuongezi ucheshi. Watazamaji wa wakati ule hawakuijia filamu kwa wingi uliotarajiwa, na mwaka 1928 Keaton alijikuta mwajiriwa wa kampuni kubwa ya filamu ya MGM, akiwa amepoteza uhuru wa kutengeneza atakacho.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, binti ameuliza kuhusu utumwa naye amejibiwa kuhusu magurudumu na hesabu za fedha. Mimi nitamjibu. Keaton mwenyewe alieleza katika mahojiano ya miaka ya baadaye kwamba watazamaji wasingekubali watu wa Kusini, walioshindwa vitani, wafanywe waovu. Huo ulikuwa uamuzi wa mfanyabiashara wa vichekesho aliyejua soko lake. Pili, filamu haiheshimu jeshi lolote. Johnnie anakata kuni nyuma ya injini huku jeshi lake likirudi nyuma na la adui likisonga mbele mgongoni pake, wala haoni. Anainua bendera ya Kusini kwa fahari, kumbe jiwe alilolikanyaga ni mgongo wa ofisa wake. Anayeona hapo sifa kwa Kusini hakuitazama filamu hadi mwisho.

Binti Pangani: Shikamoo, Mwalimu. Nimeitazama hadi mwisho, na zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitakubali kufundishwa kana kwamba nimeisikia mtaani. Umetaja bendera, ukauacha upanga. Johnnie anauchomoa, anabaki na mpini mkononi, na ubapa unaruka ukamchoma askari wa Kaskazini aliyekuwa akiwadungua wenzake Johnnie kwa bunduki. Tunacheka, na aliyekufa ni mtu wa jeshi lililokuja kuwa jeshi la ukombozi. Jeshi la Kusini linadhihakiwa, nakubali. Lile lililokuwa likipiganiwa, yaani utumwa, halikuguswa, na Johnnie anaishia na cheo cha luteni pamoja na mchumba. Ama kuhusu watazamaji wasiokubali, ni watazamaji gani hao? Wajukuu wa watumwa nao walilipa kiingilio.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, binti yangu. Swali lako la viingilio ni zito, lakini ukilifuata utafunga nusu ya sinema za Hollywood za miaka ile.

Binti Pangani: Sikusema tufunge chochote, Mwalimu. Nimesema tuulize upande wake kabla ya kuiita filamu isiyo na doa.

Fundi wa Reli: Ninarudi kwenye huo uso wa ubao. Injini inafukuzwa, Annabelle, yule mchumba, anafagia sakafu, anatupa gogo zuri kwa sababu lina tundu, kisha anatia kijiti kidogo motoni. Johnnie anampa kibanzi kidogo zaidi, naye anakitia. Johnnie anamkaba koo, halafu anambusu. Uso haujakunjuka, nasi tumeiona ghadhabu ikigeuka mapenzi.

Kijana wa Chumbageni: Hapo anayechekesha ni Marion Mack, mwigizaji wa Annabelle, na hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja kwa jina.