Naomba ushauri: kufundisha kusikiliza Kiingereza Form One kwa simu na spika tu

Wakuu habari zenu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari ya kata huku kijijini, nawapokea Form One waliosoma kila somo kwa Kiswahili miaka 7 halafu ghafla Bailojia, Jografia, vyote Kiingereza, na wengi wana akili kabisa ila mwalimu akiongea wanabaki kimya, inaniuma sana.

Nina simu yangu, spika ya bluetooth na flashi. Projekta hakuna, umeme unakatika, na wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni kwa hiyo mambo ya magrupu ya WhatsApp siwezi. Nikienda mjini nadownload vipindi vya BBC Learning English, nachezea darasani watoto zaidi ya 70, wa mbele wanapata kidogo, wa nyuma hawasikii na spidi ya wale wasomaji ni kubwa kwao.

Nimewaza nirekodi sauti yangu mwenyewe nikisoma polepole mada za vitabu vyao vya Bailojia, maana hayo ndo maneno watakayokutana nayo kesho yake, halafu niwarekodi na wao wajisikilize. Naona hii ina faida kuliko stori za London.

Waliowahi kufanya hivi, mnagawaje darasa kubwa namna hii na spika moja? Na maandishi niwape kabla ya kusikiliza au baada? Kama kuna app nzuri ya kupunguza spidi ya audio bila bando naomba mnitajie.